Kufuta kwa Makusudi

Mwenyekiti wa kamati ya parokia yetu ni mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, mwenye malori yanayokwenda Kasumbalesa na kurudi. Kwake yeye kitu kinachosumbua kinauzwa, kingine kinanunuliwa. Simlaumu, malori ndivyo yanavyotaka. Jumapili moja baada ya misa ya pili alisimama mbele yetu, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, akasema kwamba kompyuta tatu za ofisi zimezeeka, hazikubali tena mfumo mpya wa kuziendesha, na kwamba Jumatatu ya juma linalofuata watu wa mitraille watakuja kuzichukua. Hao ni wale wanaopita mitaani na mikokoteni yao wakinunua vyuma vikuukuu kwa kilo. Alipomaliza nilisikia sauti ikisema "Hapana", na sauti hiyo ilikuwa yangu.

"Nani anasema hapana?" mwenyekiti akauliza.

"Ni miye."

Watu waligeuka kunitazama. Msimamizi wa kwaya, mama aliyekaa mstari wa mbele, hakugeuka. Alisema tu, huku akiangalia ukuta:

"Aba! Weye tena, Papa? Ulibakisha nini, njo unakuya kumaliza?"

Ukumbi mzima ukacheka. Kicheko kile nilikistahili, na sikukaa chini.

Lazima nieleze alichokuwa anasema, yaani ni nini nilichobakisha hata nije kukimaliza. Zamani kidogo mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa ofisi ile. Nilimaliza sekondari, sikuendelea mbele, lakini nilifanya kazi ya ukarani miaka mingi katika bohari la reli, alikofanya kazi baba yangu pia alipotoka kaskazini mwa Katanga. Kompyuta zilipoletwa bohari, wenzangu wa umri wangu walizikimbia. Mimi nilizisogelea. Kwa hiyo nilipostaafu, kwaya ilinipa kazi ya kuandika nyimbo zake: za Kiswahili, za Kiluba, za Kibemba, kila wimbo na noti zake za solfa chini ya maneno, sauti nne, herufi kwa herufi. Kazi hiyo ilichukua miaka. Yote ilikaa ndani ya diski moja, ya kompyuta moja. Tulikuwa tumepiga marufuku vile vijiti vya kubebea kazi, tunavyoviita clé, kwa sababu vilikuwa vinakwenda kwa wachapaji mjini na kurudi vimejaa virusi, na virusi mojawapo vilikula kijitabu chetu kizima cha Pasaka. Tulifunga mlango vizuri mno. Hakuna kibaya kilichoingia tena, na hakuna nakala iliyotoka.

Alasiri moja niliamua kuibadilishia kompyuta ile mfumo, maana ilikuwa nzito kama mtu aliyekula ugali mara mbili. Umeme ulikuwa umerudi punde tu. Anayeishi Lubumbashi anajua hali inavyokuwa umeme ukirudi: huyu anapiga pasi, huyu anachaji simu, huyu anavuta maji ya pompi, nyama inatupwa ndani ya friji, na kila mtu anakwenda mbio kama anayefukuzwa. Nami nilikwenda mbio. Skrini iliniuliza maswali, nikajibu endelea, endelea, endelea. Mojawapo ya maswali hayo liliuliza kama ifute diski yote. Nikalijibu kama nilivyojibu mengine.

Siku ile niliwaambia wanakwaya kwamba umeme ulikatika katikati ya kazi na diski ikafa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Hapa kwetu umeme hauna wakili. Kila kesi unashindwa. Walinihurumia. Mama mmoja aliniletea parachichi za kwake, nikazila. Lakini kwenye mazoezi yaliyofuata nilisimama nikasema kwamba umeme haukukatika hata kidogo, ni mimi niliyefuta. Hapo ndipo waliponinyang'anya ufunguo. Uongo ungeniacha nao. Nilisema kweli, nikaomba msamaha, nikasamehewa kwa mdomo, na tangu hapo kila neno "ordinateur", yaani kompyuta, likitajwa parokiani watu wanakohoa na kunitazama. Nilikuwa nimekwisha kupiga magoti mara moja. Sikuwa na nia ya kupiga magoti kila Jumapili.

Basi nilibaki nimesimama, nikasema:

"Zile masini hazikufwa. Ule ujumbe wenye mnaona ku skrini hausemi masini imekufwa. Unasema mwenye mfumo amechoka nayo. Hivyo ni vitu viwili."

"Mzee," mwenyekiti akasema kwa upole wa mtu mwenye haraka, "kitu yenye mwenyewe amechoka nayo, unaifanyia nini?"

"Unaitafutia mwenyewe mwingine."

Nikawaambia kuna mfumo mwingine, unaitwa Linux, hauuzwi, na unaishi vizuri ndani ya mashine za zamani. Msimamizi wa kwaya sasa akageuka.

"Na ukiharibu?"

"Sitagusa masini yenu hata moja. Nitajaribu kwangu, ndani ya masini ya uongo."

Hapo hata padre msaidizi alicheka. Masini ya uongo! Mtu mmoja alirudia maneno hayo kwa sauti, na mwingine akasema uongo huo mzee anaujua vizuri. Nilisubiri wamalize. Mwenyekiti, ambaye nadhani alitaka kwenda kula, akakata shauri: Jumapili inayofuata, palepale, baada ya misa ya pili. Nikionyesha kitu cha kueleweka, watafikiri. Nisipoonyesha, Jumatatu mkokoteni unapita.

Nyumbani kwetu, Bel-Air, habari ilifika kabla yangu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Eti banakuambia uende ujiaibishe mbele ya kanisa nzima, na weye unaitika?"

"Hawakuniambia. Ni miye nilibaambia."

"Njo mbaya zaidi."

Nilimweleza hiyo mashine ya uongo ni nini. Wenye kujua wanaiita mashine pepe. Ni programu unayoiweka ndani ya kompyuta yako, nayo inajifanya kuwa kompyuta nyingine: ina diski yake, ina kumbukumbu yake, ina skrini yake ndani ya skrini yako. Kumbe diski hiyo ni faili moja tu kubwa kati ya mafaili yako. Mfumo unaouweka humo haujui kwamba uko ndani ya kitu. Unaweza kuuharibu utakavyo, na kompyuta iliyoubeba haipati hata mkwaruzo.

Mke wangu ni mtu wa Kasenga. Baba yake alikuwa anaunda boti za kuvulia kule Luapula. Alifikiri kidogo, akasema:

"Boti mupya, siku ya kwanza, habapandishe bantu. Banaifunga na kamba pa kando, banaijaza mawe, banaona fasi yenye inavuja."

"Njo ile sasa."

"Basi weka mawe mingi. Usiweke mawe mbili na kusema inaelea."

Kompyuta yangu ya mkononi ni kuukuu, ilitoka Ubelgiji kwa mtu aliyekuwa ameitupa, na betri yake ilikwisha kufa kabla sijaipata. Nililipia intaneti, nikaupakua ule mfumo alfajiri mtandao ukiwa bado haujajaa watu, kisha nikaanza. Kosa la kwanza lilikuwa la ukarimu. Programu iliniuliza mashine ya ndani ipewe kumbukumbu kiasi gani, nami nikaipa karibu yote, ili isione shida. Nilimpa mgeni kitanda na blanketi na chumba, mimi mwenye nyumba nikalala nje. Kompyuta yote iliganda hata mshale haukusogea. Ikabidi niizime kwa nguvu. Mara ya pili niliipa kumbukumbu pungufu kuliko iliyomo katika zile tatu za ofisi. Kama ni kuteseka, nilitaka iteseke kwangu.

Kosa la pili halikuwa langu. Mfumo ulikuwa umefika katikati ya kujipanga, ule mstari wa bluu unasogea, na umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi. Nilibaki na kidole hewani. Mwili una kumbukumbu zake. Nilisikia baridi ileile ya alasiri ile ya ofisi, kuanzia shingoni hadi chini.

"Imekufwa?" mke wangu aliuliza kutoka jikoni.

"Imekufwa."

"Yote?"

Umeme uliporudi kesho yake niliiwasha kompyuta, nikakaa mbali na meza kidogo, kama mtu anayemngojea daktari. Ikaamka kama kila siku. Mafaili yangu yote yalikuwepo. Ile ya ndani tu ndiyo iliyovunjika, nusu ya mfumo, haisimami wala haikai. Niliifuta, faili moja, ikaenda kwenye pipa, nikaunda nyingine na kuanza tena. Basi. Hakuna aliyelia. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia, akaniuliza kama nimekula kitu.

Baada ya hapo nilijifunza jambo ambalo laiti ningelijua miaka ile. Mashine pepe inaweza kupigwa picha ya hali yake: inashika ilivyo wakati huo, yote, na ukitaka unairudisha pale pale hata kama umeigeuza majivu. Nilipojua hivyo nikaanza kuiharibu kwa makusudi. Nilifuta folda zisizofutwa. Niliijaza diski yake mpaka ikashindwa kupumua. Niliizima katikati ya kazi. Niliipa amri za kijinga ambazo mtu mwenye akili hawezi kuzitoa, halafu nikazitoa tena kwa mpangilio mwingine. Kila mara niliandika pembeni ilivunjika wapi, nikairudisha. Mke wangu alipita na sinia la dagaa.

"Unafanya nini sasa? Kila saa unaua."

"Naweka mawe."

Humo ndani niliweka pia nyimbo. Tangu nilipozipoteza nimekuwa nikizunguka kwa wanakwaya mmoja mmoja, nikiomba karatasi walizokuwa wamebaki nazo, zilizochanika, zenye mawese na matone ya mshumaa, na kuziandika upya. Nyingi zimerudi. Hazikurudi zote. Kuna wimbo wa kuingilia wa Kiluba ambao sauti yake ya tatu aliijua mzee mmoja tu wa Kamalondo, na mimi nilifika kwake baada ya mazishi. Nilikaa na watoto wake, wakaniimbia walichokumbuka, na hakikuwa chenyewe. Wimbo huo nimeuandika kwa zile sauti tatu nyingine, na mahali pa ile iliyopotea nimeacha mstari mtupu. Kila nikiufungua nauona mstari ule. Hakuna picha ya hali ya kuurudisha.

Jumapili ikafika. Umeme haukuwepo, kwa hiyo ukumbi uliendeshwa na jenereta la parokia, ambalo kila mtu hapa analiita groupe. Niliunganisha kompyuta yangu na ile mashine ya kuonyeshea picha ukutani inayotumika kwa katekesi. Mwenyekiti alikaa mbele na simu zake mbili. Msimamizi wa kwaya alikaa karibu naye, mikono ameikunja. Nilifungua mfumo, ukaamka. Nilifungua wimbo wa sadaka ambao kila mtu anaujua, na maneno na noti zikatokea ukutani zimejipanga sawasawa, kila herufi juu ya mwenzake. Kuna waliosogea mbele. Mtu wa sauti ya nne alianza kuuimba chini chini bila kujijua.

"Ni muzuri," msimamizi akasema. "Lakini iko ya kwako. Ya kwetu itafanya vile?"

"Hii niliipatia nguvu kidogo kuliko ya kwenu. Ikitembea hapa, kule itakimbia."

Kisha nikawaambia kwamba sasa nitafanya kile nilichofanya siku ile. Niliuita mpango wa kuweka mfumo upya, nikajibu swali la kwanza, la pili, na likafika lile. Ukutani, maandishi makubwa kama kiganja: futa diski yote?

Waliokaa nyuma wakasimama ili waone.

"Papa, apana!" mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

Msimamizi wa kwaya alikuwa amesimama. "Acha, Papa. Acha! Zile nyimbo zimo!"

"Zimo, Mama," nikasema. "Siku ile nilibonyeza na mbio. Leo ninabonyeza polepole."

Nikabonyeza. Nyimbo zikatoweka, folda ikatoweka, ukuta ukabaki rangi moja tupu. Mtu akasema "Yesu na Maria". Sikufanya haraka. Nilikiona kitu kile peke yangu ofisini, na nilitaka nao wakione kidogo, ili wajue kilivyo. Msimamizi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Ndipo nikarudi kwenye picha ya hali niliyokuwa nimeipiga asubuhi, nikairudisha, na wimbo wa sadaka ukasimama tena ukutani, mstari uleule tulipouachia.

Walipiga makofi. Walipiga na miluzi, ambayo hairuhusiwi mle. Mwenyekiti aligeuka kwa wenzake akasema, "Eh! Huyu Mzee iko na dawa!"

Kama ningekuwa mjanja ningefunga kompyuta hapo na kwenda nyumbani. Lakini msimamizi wa kwaya alikuwa ametoka nje, na akarudi amebeba printa ya ofisi, imprimante kama tunavyoiita, kiunoni kama mtoto mzito. Akaiweka mezani mbele yangu.

"Chapisha."

Sikuwa nimeijaribu. Ninaeleza makosa yangu hapa, na hili ni moja, wala si dogo. Kwaya yetu inakula karatasi. Kila msiba una kijitabu chake, kila ndoa ina kijitabu chake, na mimi nilifikiria kila kitu isipokuwa karatasi. Ningeweza kuomba niletewe printa ile katikati ya juma, nikaiweka mezani kwangu na kuona. Sikuomba kwa sababu sikutaka kumwomba mama yule kitu chochote. Ni kiburi kilekile cha zamani, kimevaa shati jipya.

Nilichomeka waya. Mfumo wa ndani uliona kwamba kuna kitu kimeunganishwa, lakini haukujua ni kitu gani. Nilijaribu njia moja, nikajaribu nyingine. Taa ya printa iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, karatasi ikabaki imelala. Nilijaribu tena. Jasho lilikuwa linanitoka.

Hapo groupe likakohoa huko nje, likakohoa tena, likazima. Mlinzi hakuwa ameongeza mafuta. Ukuta ukawa giza, feni zikasimama, na ukumbi mzima, kwa sauti moja, kwa huruma ya kweli kabisa, ukaulilia umeme:

"Aaah! Courant!"

Mwenyekiti alinigusa bega. "Njo groupe, Mzee. Haiko kosa yako. Tulikuwa karibu kuchapisha. Tutaandika mu ripoti ya kamati kwamba ilichapisha."

Walikuwa wananipa bure, tena kwa mikono miwili. Uongo ule ule niliokuwa nimeutunga mwenyewe siku ile, safari hii walinitungia wao, na wote walikuwa tayari kuuamini. Mashine zingebaki. Ufunguo, nani ajuaye, ungerudi. Ningekuwa na miezi ya kuitafutia printa dawa kimya kimya.

"Hapana," nikasema. Ilikuwa hapana yangu ya pili katika ukumbi ule. "Groupe haina kosa. Hata mbele ya kuzima, imprimante ilikuwa imekwisha kukataa. Huu mfumo haujue hii imprimante. Na sijue kama nitaweza kuufundisha."

Kisha sauti ya mwanamume mmoja wa sauti ya nne:

"Sasa ulituletea nini, Papa? Masini yenye haichapishe?"

Nilikasirika, sifichi. Nilipandisha sauti, na kwa kuwa feni zilikuwa zimezima, ilisikika mpaka uwanjani.

"Nimebaletea kile mungejua siku ya mwisho, mbele ya Pasaka, masini imekwisha kubadilishwa na vitabu vinangojewa. Mumekijua leo. Nani amepoteza kitu? Onyesheni mimi nani amepoteza kitu! Siku ile nilikosa ndani ya ofisi, nikaomba msamaha. Leo nimekosa hapa, mbele yenu, ndani ya masini ya uongo, na kwa hii siombi msamaha hata kidogo. Hii si zambi. Hii ni kazi."

Hakuna aliyepiga makofi. Padre msaidizi alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti alianza kukusanya simu zake. Nilikuwa nimekwisha kuanza kukunja waya wakati msimamizi wa kwaya aliponiuliza, kwa sauti ya kawaida ambayo hakuwa ameitumia kwangu kwa muda mrefu:

"Masini moja tukiiacha na mfumo wa zamani, tukiikatia internet, itachapisha?"

"Itachapisha."

"Na zile mbili?"

"Zile mbili zinaweza kuandika, kuchunga nyimbo, kupokea barua. Zitaishi."

"Na kutoa wimbo ku zile mbili, kupeleka ku ile ya kuchapisha. Na nini?"

Nilijua jibu litapokelewaje. "Na clé."

Ukumbi ukaguna wote kama ng'ombe mmoja. Mama akainua mkono, wakanyamaza.

"Clé moja. Ya kamati. Haitoke mu ofisi hata siku moja, hata padre akiiomba."

"Na chuma?" mwenyekiti akauliza. "Nilishaongea na ba mitraille. Nibaambie nini?"

"Baambie bakuye kwako. Uko na malori," Mama akamjibu.

Safari hii hawakunicheka mimi, na mwenyekiti akakubali.

Jumatatu nilifika ofisini asubuhi nikamkuta msimamizi wa kwaya amefika kabla yangu. Hakuniruhusu kugusa kitu. Alikuwa amekuja na diski mbili za nje za kuazima, akanakili yote yaliyokuwa katika kompyuta ya pembeni, ile tuliyoichagua kuwa ya kwanza: vyeti vya ubatizo, ratiba za misa, vile vijitabu vya mazishi. Alinakili kwenye diski ya kwanza, akanakili tena kwenye ya pili, akafungua faili moja moja katika zote mbili kuona kama zinafunguka. Diski moja akaiweka kwenye mkoba wake, akaita pikipiki, akaipeleka nyumbani kwake kabisa, akarudi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wageni muda wote huo. Mwingine angejisikia ametukanwa. Nilimwambia kwa sauti: "Mama, vile unafanya njo vile ningefanya." Akasema anajua.

Ndipo akanisogezea kiti. Nilianza. Maswali yakaja, na kila swali alilisoma mwenyewe kwa sauti, kisha akanitazama. Lilipokuja lile, alilisoma mara mbili.

"Na courant ikikatika sasa hivi?"

"Inakatika. Tunangojea, tunaanza tena."

"Bonyeza basi."

Nilibonyeza. Umeme haukukatika. Mstari ukasogea kwa mwendo wake. Kompyuta ilipoamka na mfumo wake mpya, mama yule aliandika jina la kwaya kwa vidole viwili, akalifuta, akaliandika tena, akafungua, akafunga. Akaniambia sura yake haimpendezi, rangi ni za msiba. Nikamwonyesha pa kubadilisha rangi. Akachagua za ajabu.

"Ya pili tunafanya kesho?" nikauliza.

"Ya pili inangojea. Mbele ya ile, beba hii." Alikuwa anaonyesha printa. "Enda nayo kwako. Iharibie kule ndani, vile unaharibu. Siku itakubali, unakuya kuniambia. Ikikataa, unakuya kuniambia vilevile."

Niliibeba begani mpaka barabarani, nikapanda nayo pikipiki nimeikumbatia. Bel-Air nilipofika, majirani waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta waliniona nashuka.

"Eh, Papa! Banakufukuza na bintu yako yote?"

"Bananituma," nikawajibu, na sikueleza zaidi.

Mke wangu alifungua lango, akaitazama printa juu chini.

"Na hii, inakulaka nini?"

"Karatasi," nikasema. "Lakini kwa sasa inakataa."

Akaondoa sinia mezani ili niiweke.